Ukuta Unapotoka Jasho, Nani Alaumiwe?

Kijana mmoja anayesomea sheria alinijia majuzi na swali lililokuwa likimsumbua. Amelelewa Jericho, katika nyumba ambayo babu yake aliikodi kutoka kwa baraza la jiji. Katika pitapita zake alikuwa amesoma habari za wakili mmoja wa London ambaye kazi yake yote ni kesi za nyumba za umma na majumba ya kupangisha. Si mauaji, si siasa, si makampuni ya mafuta. Nyumba tu: kodi, paa, mfereji na notisi.

"Mzee," akaniuliza, "mtu kama huyo anakula nini? Mpangaji wa Jericho atamlipa wakili kwa pesa gani?"

Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Swali lenyewe ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko nafasi tuliyokuwa nayo pale kituoni tukingoja matatu. Nikamwahidi kwamba nitamjibu hapa, na nyinyi wengine msikie.

Kwanza tuelewane kuhusu huyo wakili. Kwetu Kenya wakili ni mmoja. Ndiye anayekupokea ofisini, anayekuandikia barua, anayefungua kesi na anayesimama mbele ya jaji. Uingereza kazi hiyo imegawanywa kati ya watu wawili. Yupo wakili wa ofisini, anayezungumza na mteja na kukusanya makaratasi. Kisha yupo wakili wa mahakamani, yule wa wigi ya manyoya ya farasi tunayemwona kwenye sinema, ambaye huletewa makaratasi hayo akatoa maoni yake na kwenda kusema kortini. Huyu wa pili lazima awe mwanachama wa mojawapo ya vyama vinne vya kale vya London: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Charles Njonjo, Mkuu wa Sheria wetu wa kwanza baada ya uhuru, alipitia Gray's Inn.

Mawakili wa mahakamani wengi hukaa pamoja katika jengo moja, lakini si kampuni. Ni kama wachuuzi wa soko moja. Wanachanga kodi ya jengo na mshahara wa karani, na kila mtu ana mfuko wake. Huyo karani ni mtu mkubwa kuliko cheo chake kinavyosikika, maana ndiye anayepokea kazi na kupatana bei, na wakili mchanga asiyepatana na karani atashinda akihesabu vidole.

Tena wana kanuni moja ambayo wao wenyewe huifananisha na foleni ya teksi. Dereva aliye mbele hachagui abiria. Vivyo hivyo wakili hatakiwi kuikataa kesi iliyo katika fani yake kwa sababu tu mteja hampendezi. Kwa hiyo wakili wa nyumba anaweza Jumatatu kulitetea baraza la mji dhidi ya mpangaji, na Jumatano akasimama upande wa mpangaji dhidi ya baraza jingine. Kijana wangu aliposikia haya aliguna. Mimi naona kuna faida ndani yake: anayejua mwenye nyumba huficha nini kwenye faili lake ni yule aliyewahi kulisoma faili la namna hiyo.

Na pesa? Kuanzia sheria ya mwaka 1949, serikali ya Uingereza iliweka mfuko wa kumlipia maskini wakili. Mfuko huo ndio uliokuza fani hii ya mawakili wa wapangaji. Usingekuwapo, mpangaji wa nyumba ya baraza asingemwona wakili ila kwenye televisheni. Nitarudi kwa mfuko huo, maana haukubaki kama ulivyokuwa.

Asubuhi ya kawaida ya wakili huyu si ya fahari. Anapanda gari moshi hadi mahakama ya wilaya, mara nyingi bila wigi wala joho, na kukuta watu wamejaa kwenye ukumbi wa kungojea. Kesi za kutaka kuwatoa wapangaji hupangwa kwa mfululizo, na nyingine humalizika kwa dakika chache tu. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni aliyeambiwa ana deni la kodi la miezi minne. Kuna mzee ambaye ruzuku yake ya nyumba ilisimamishwa kwa sababu ya fomu moja iliyopotea.

Hapo ndipo sheria inapokuwa na maana. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 1985, mpangaji wa kudumu wa nyumba ya baraza hawezi kutolewa kwa deni la kodi mpaka jaji ajiulize kama ni jambo la busara kumtoa. Haitoshi kuthibitisha deni. Jaji anaweza kutoa amri kisha akaisimamisha, kwa sharti kwamba mpangaji alipe kodi yake pamoja na kiasi kidogo cha deni kila wiki. Wakili anayejua kazi yake atamvuta mama yule pembeni kabla ya kuitwa, amuulize maswali mawili matatu kuhusu mapato na fomu zake, na kwa dakika hizo chache nyumba inaweza kuokolewa.

Lakini sikuketi kuandika juu ya kodi. Jambo lililonifanya nimwambie kijana asicheke ni jambo dogo zaidi, tena ambalo kila mmoja wenu aliyewahi kupanga chumba Nairobi wakati wa baridi ya Julai analijua. Ni unyevu.

Ukipika, ukioga, ukianika nguo ndani, hata ukipumua tu usingizini, unatoa mvuke. Mvuke ukikutana na ukuta baridi hugeuka maji. Ukuta unatoka jasho. Jasho lisipokauka, kuvu huota: kwanza madoa madogo meusi pembeni mwa dirisha, halafu dari yote, halafu nguo kabatini zinaanza kunuka. Kwa mtoto mchanga au mtu mwenye pumu hilo si jambo la uchafu. Ni jambo la kifua.

Sasa ukitaka kujua kosa ni la nani, utapata majibu mawili. Mpangaji atasema nyumba imejengwa vibaya. Mwenye nyumba atasema mpangaji hafungui madirisha. Mabishano haya yanapatikana Umoja, yanapatikana Birmingham, na kule Uingereza yaliwachukua mawakili zaidi ya miaka 30 mahakamani kabla ya kupata dawa.

Kesi iliyoyafunga mambo ni ya mpangaji mmoja wa Wales, Bwana Quick, dhidi ya baraza lake la Taff-Ely. Nyumba yake ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970, na madirisha yake yalikuwa ya chuma bila kinga yoyote ya baridi. Jasho lilikuwa jingi hata matandiko, nguo na mazulia yakaoza. Jaji wa kwanza aliona kwamba wakati wa baridi nyumba hiyo ilikuwa karibu haifai kukaliwa na binadamu, akamwamulia Quick. Baraza likakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo.

Kwa nini? Kwa sababu ya neno moja. Sheria ilimtaka mwenye nyumba afanye ukarabati wa kiunzi cha nyumba na sehemu zake za nje. Ukarabati, wakasema majaji, ni kurudisha kitu kilichoharibika katika hali yake. Madirisha ya Quick hayakuwa yameharibika. Yalikuwa vilevile yalivyowekwa siku ya kwanza, na kuta zilikuwa zima. Nyumba ilijengwa mbaya na imebaki mbaya, basi hakuna kilichoharibika, na kama hakuna kilichoharibika hakuna cha kukarabati.

Lisome tena kwa utaratibu. Nyumba iliyojengwa vizuri ikapasuka paa, mwenyewe atawajibika. Nyumba iliyojengwa vibaya tangu msingi, mwenyewe analala usingizi mnono. Majaji hawakuwa watu wakatili. Walilisoma neno kama lilivyoandikwa, na mimi niliyesoma hukumu nyingi siwezi kuapa kwamba walilisoma vibaya. Tatizo lilikuwa kwenye sheria yenyewe.

Mawakili wa wapangaji hawakukaa kimya. Mwaka 1988 ililetwa kesi ya mama mmoja wa Lambeth, London ya kusini, ambaye yeye na watoto wake walikuwa wakiugua kwa unyevu. Wakili wake alijaribu njia nyingine, akasema baraza lilikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu. Akashindwa. Mwaka 2002 wakajaribu haki za binadamu, katika kesi dhidi ya baraza la mji wa Leeds. Hiyo nayo ikaanguka. Mbinu pekee iliyobaki ilikuwa kutafuta kitu chochote kilichovunjika. Kama jasho limeozesha plasta, je, plasta ni sehemu ya kiunzi cha nyumba au ni pambo tu, kama rangi? Watu wazima waliosoma miaka mingi waliibishania plasta hiyo mpaka mwaka 2011, Mahakama ya Rufani iliposema kwamba ndiyo, plasta ni sehemu ya kiunzi. Kwa hiyo plasta ikioza, una kesi. Mapafu yakioza na plasta ikabaki nzima, pole.

Hapa msomaji makini atauliza: kwani Waingereza hawakuwa na sheria yoyote iliyosema nyumba ya kupangisha lazima ifae kukaliwa na binadamu? Walikuwa nayo. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Tangu mwaka 1885, zama za Malkia Victoria, sheria yao ilisema wazi kwamba nyumba ya mfanyakazi lazima ifae kukaliwa. Lakini iliwekewa kiwango cha kodi. Ilizilinda nyumba za kodi ndogo peke yake, na mara ya mwisho kiwango hicho kuongezwa ilikuwa mwaka 1957: pauni 80 kwa mwaka ndani ya London, na pauni 52 kwingineko. Pauni 52 kwa mwaka ni pauni moja kwa wiki. Katika kesi moja mashuhuri iliyoamuliwa mwaka 1985, mama mmoja alikuwa akilipa pauni 37 kwa wiki kwa vyumba viwili katika mji wa Bournemouth. Bei zilipanda, kiwango kikabaki pale pale, na sheria ikafa ingali imesimama kitabuni. Hakuna aliyeifuta. Hakuna hata aliyehitaji kuifuta.

Mnadhani haya ni ya Waingereza peke yao? Fungueni Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296 ya sheria za Kenya, ile iliyounda jopo la kusikiza malalamiko ya wapangaji wa nyumba za kuishi. Iliandikiwa nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Zamani Sh2,500 zilikupa nyumba nzuri tu, yenye sebule na jiko. Leo nionyesheni chumba cha Sh2,500 Nairobi, kisicho cha mabati, niende nikakione mwenyewe. Ugonjwa ni ule ule: tarakimu iliyoandikwa kwenye sheria, na bei ya unga isiyosoma sheria.

Turudi Uingereza. Mwaka 1996 tume yao ya kurekebisha sheria iliandika ripoti ikapendekeza wajibu huo ufufuliwe. Ripoti ikawekwa rafuni. Mwaka 2013 ule mfuko wa kuwalipia maskini mawakili ukapunguzwa vikali. Kesi za nyumba mbovu zikaondolewa humo, isipokuwa pale ambapo afya au usalama wa mtu uko hatarini kweli, na hata hapo ni kwa ajili ya kumlazimisha mwenye nyumba atengeneze, si kwa ajili ya kudai fidia. Mawakili wengi wa ofisini wakaiacha fani hii kwa sababu hailipi. Miji mizima ikabaki bila hata mmoja.

Mbunge wa London, Bi Karen Buck, alipeleka mswada bungeni mwaka 2015 wa kuurudisha wajibu huo bila kiwango chochote cha kodi. Siku ya kujadiliwa, maneno yakawa mengi mpaka saa zikaisha. Huo ni mchezo wa bunge lao kuanzia zamani: usiyetaka mswada wake upite, mzungumzie mpaka kengele ilie. Kisha usiku wa Juni 14, 2017 jumba la Grenfell Tower, nyumba za umma za ghorofa 24 magharibi mwa London, likawaka moto na watu 72 wakafa. Wapangaji wake walikuwa wamelalamika juu ya usalama wa jumba hilo kabla ya moto. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mwanasiasa yeyote kusema kwamba wapangaji wanapiga kelele za bure. Bi Buck aliurudisha mswada, mawakili wa nyumba wakasaidia kuuandika, serikali ikauunga mkono, na mwezi wa Desemba 2018 ukawa sheria. Ulianza kazi Machi 20, 2019, huko England. Maneno yake ni machache. Nyumba lazima ifae kukaliwa na binadamu siku ya kupangishwa na ibaki hivyo, na miongoni mwa mambo ya kuangaliwa ni unyevu na hewa. Hakuna tena hoja ya kama dirisha limeharibika au lilizaliwa hivyo.

Kama hadithi ingeishia hapo ningemwambia kijana: umeona, mawakili walishinda. Lakini kuna mtoto aitwaye Awaab Ishak.

Wazazi wake walitoka Sudan. Waliishi katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini Rochdale, karibu na Manchester, iliyokuwa ya shirika la nyumba za umma. Baba yake aliripoti kuvu kwa mara ya kwanza mwaka 2017, kabla Awaab hajazaliwa. Aliambiwa apake rangi. Alipaka, kuvu ikarudi. Mwezi wa Juni 2020 alitafuta wakili ili adai nyumba itengenezwe. Hapo tunafika kwenye jambo ambalo kila wakili wa nyumba angepaswa kulibandika ukutani kwake: shirika lile lilikuwa na utaratibu kwamba mpangaji akishaleta wakili, matengenezo hayaanzi mpaka mawakili wa pande zote mbili wapatane. Yaani barua ya wakili, iliyotumwa ili kuharakisha mambo, ndiyo iliyoyasimamisha. Mwezi uliofuata mhudumu wa afya aliyekuwa akiitembelea familia aliliandikia shirika kwa sababu ya kuvu. Haikusaidia.

Awaab alikufa Desemba 21, 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili.

Novemba 2022, afisa wa mahakama anayechunguza vifo aliamua kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa kupumua uliosababishwa na kukaa muda mrefu ndani ya nyumba yenye kuvu. Aliuliza hadharani inawezekanaje, nchini Uingereza, mwaka 2020, mtoto wa miaka miwili afe kwa kuvu ya nyumbani kwao. Shirika lenyewe lilikiri kwamba lilikuwa limefanya dhana juu ya maisha ya familia hiyo na kwamba lilikosea. Ni ile hoja ya zamani: nyumba haina shida, ni nyinyi na namna yenu ya kuoga na kupika.

Tazameni tarehe, maana ndizo zinazoniuma. Sheria ya Bi Buck ilianza Machi 2019. Mtoto alikufa Desemba 2020. Haki ilikuwapo kitabuni miezi 21 kabla. Kilichokosekana kilikuwa saa. Sheria ilisema nyumba lazima ifae, haikusema ifae kufikia lini.

Wazazi wa Awaab hawakunyamaza. Walipiga kampeni pamoja na gazeti la Manchester na shirika la kutetea wasio na makao, na mwaka 2023 bunge likapitisha sheria juu ya nyumba za umma yenye kifungu kinachojulikana kwa jina la mtoto wao. Kanuni zake zilianza kutumika Oktoba 27, 2025. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa lazima vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi tangu mwenye nyumba apate habari. Uchunguzi ukiisha, mpangaji apewe matokeo kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku tano za kazi. Ikishindikana, familia ihamishiwe mahali pengine kwa gharama ya mwenye nyumba. Ndizo siku ambazo mawakili wa nyumba huko sasa wanazihesabu kwa vidole.

Hayo maneno "tangu apate habari" yabebeni nyumbani. Kuna kesi ya mwaka 1973, iliyofika hadi kwa Malodi, mahakama yao ya juu ya wakati huo. Dari iliwaangukia wapangaji wakiwa kitandani, wakaumia. Wakashindwa kesi, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa amejua kwamba dari ina kasoro. Ndiyo maana wakili wa nyumba akikutana na mpangaji mara ya kwanza haulizi ulivyoteseka. Anauliza: ulimwambia nani, lini, na karatasi iko wapi? Mpangaji aliyempigia mwangalizi wa jumba kelele kwenye ngazi mara 20 ana hadithi. Aliyeandika barua moja yenye tarehe akabaki na nakala ana kesi. Picha za ukuta, kadi za kliniki za mtoto, risiti ya godoro lililooza, hivyo ndivyo vitu vinavyomezwa na faili, na wakili wa mahakamani hutumia usiku wake akivipanga kwa tarehe kabla ya kusema neno lolote mbele ya jaji.

Nasi je? Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaingiza katika mkataba wa kupangisha wajibu wa mwenye nyumba kuhakikisha kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na muda wote wa upangaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makao ya kufaa yenye viwango vya usafi vinavyostahili. Kwa maneno ya kitabuni, tuliwatangulia Waingereza kwa miaka. Lakini wangapi wenu mmewahi kukisikia kifungu cha 65 kikitajwa na mtu yeyote, wakili au mwenye nyumba?

Nawaonya pia dhidi ya dawa ambayo wengi huikimbilia, ya kuzuia kodi mpaka ukuta utengenezwe. Sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, tuliirithi kutoka kwa Waingereza hao hao. Wao waliifuta kwa nyumba za kuishi mwaka 2014, ila sisi turudipo nyumbani jioni tukakuta dalali amebeba sofa na televisheni, ni urithi wao tunaoutazama ukipanda kwenye pikapu. Lipa, andika barua, weka nakala, kisha tafuta ushauri.

Nilipomweleza kijana wangu haya yote, hakuuliza tena juu ya mshahara. Aliniuliza kama barua ya simu, ule ujumbe mfupi, inahesabika kuwa maandishi. Nikamwambia inahesabika, mradi asiifute. Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya dari ya chumba anachopanga karibu na chuo. Alikuwa amempelekea mwenye nyumba picha hiyo mwezi wa Mei, na jibu alilopata lilikuwa la maneno mawili: paka rangi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya dipoziti, na ni nani hasa anayepaswa kulipia kitasa kilichovunjika.